Elki wa kwanza: kuwinda na familia kwenye msitu wa umma wa Colorado

Elki ni mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu: jike aliyekomaa ana kilo 220 hivi, na dume hufika 320 na pengine kuzidi. Ukishaondoa ngozi, kichwa, matumbo na mifupa, unabaki na mnofu wa kilo 60 mpaka 100 na ushei, ukiwa katikati ya msitu usio na barabara, kwenye mwinuko wa mita 3,000, jua linazama. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye nyama, bunduki itafuata. Ukiipanga safari kinyumenyume, kutoka friza kurudi mlimani, mengi yatakaa sawa yenyewe.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Aurora, ubavuni mwa Denver. Msimu wetu wa kwanza tulikwenda wanne: mimi, mke wangu, shemeji yangu na mwanangu wa miaka 13. Shemeji alimpiga jike magharibi ya siku ya tatu, kilomita 5 kutoka tulipoacha gari. Tulikuwa na mabegi mawili tu yanayofaa kubebea nyama. Tukachuna kwa tochi, tukabeba tulichoweza, mapaja mawili tukayaacha yamelala kwenye nyasi na mfupa wake, tukayafunika na ngozi ili kunguru wasiyaguse. Tuliporudi kesho yake mchana, paja la chini lilikuwa linanuka kwenye kiungo cha nyonga. Baridi ilikuwa imegandisha umande juu ya ngozi, na chini yake nyama bado ilikuwa vuguvugu. Karibu kilo 20 za chakula zikaharibika kwa sababu yetu, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Yote nitakayokwambia hapa yametokana na paja lile.

Kwanza, hesabu mabega

Mtu mzima asiyezoea milima hubeba kilo 20 mpaka 25 kwa safari moja, ukiacha bunduki na maji. Mtoto wa miaka 13 mpe kilo 7 au 8, asizidishe. Kwa watu wazima watatu na mtoto mmoja, jike anatoka kwa safari mbili bila mtu kuumia magoti, na dume kwa safari mbili au tatu. Sasa chukua ramani: kwenye mwinuko ule, na mzigo mgongoni, kilomita 3 ni saa moja na nusu mpaka mbili. Sisi baada ya mwaka ule tulijiwekea mpaka: hatupigi mnyama aliye zaidi ya kilomita 3 kutoka kwenye gari, hata kama amesimama ubavu wazi. Wazee wa kwetu husema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Huku ngama ni buti la gari.

Kama mko wawili tu, tafuta mapema mtu mwenye farasi au nyumbu na kibali cha Forest Service, idara ya misitu ya serikali kuu, mpatane bei ya kubeba nyama kabla msimu haujaanza. Usitegemee mkokoteni. Kwenye maeneo yaliyotengwa kisheria kuwa pori asilia, kama Flat Tops, hairuhusiwi hata gurudumu moja.

Karatasi

Anza mwezi wa kwanza, maana maombi ya bahati nasibu ya leseni hufungwa mapema mwezi wa nne. Leseni hutolewa na Colorado Parks and Wildlife, na kila mwaka wanatoa kitabu cha kanuni. Kisome chote, maana kanuni hubadilika na ya mwaka jana haitakutetea.

Yeyote aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Unaweza kusoma intanetini kisha ukahudhuria siku ya mazoezi ya ana kwa ana. Nakushauri msome familia nzima pamoja, hata asiyekusudia kushika bunduki. Mke wangu hapigi, lakini ndiye wa kwanza kumwambia mtu mdomo wa bunduki yake umeelekea pabaya.

Mtoto anaruhusiwa kuwinda wanyama wakubwa kuanzia miaka 12. Kati ya 12 na 15 lazima afuatane na mtu mzima wa miaka 18 au zaidi aliyetimiza sharti la mafunzo, wakionana na kusikizana muda wote. Ada ya mtoto mkazi ni ndogo sana. Mtu mzima aliyeishi Colorado miezi 6 mfululizo hulipa chini ya dola 100, na mgeni wa jimbo jingine hulipa mamia. Kama huna pointi za bahati nasibu, zile anazojikusanyia mtu kila mwaka anapoomba akakosa, angalia leseni za dume zinazouzwa dukani bila kikomo kwa msimu wa pili na wa tatu wa bunduki katika maeneo mengi ya magharibi, kisha mwezi wa nane pitia orodha ya leseni zilizobaki. Kwa familia inayoanza naipendelea leseni ya jike, kama itapatikana: nyama laini, mzigo unaobebeka, na hakuna kuhesabu ncha za pembe.

Kuhusu bunduki na uraia, soma hapa taratibu. Mwenye kadi ya ukazi wa kudumu anaruhusiwa kumiliki bunduki kama raia, asipokuwa na makosa yanayomzuia. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au ya kazi, sheria ya nchi nzima inamkataza kushika bunduki au risasi, isipokuwa katika hali chache, mojawapo ikiwa ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Asiye na ruhusa ya kukaa nchini asiguse kabisa, hata kumshikia mwenzake. Kama hali yako ina mushkeli wowote, kamuone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kwenda dukani. Hakuna nyama yenye thamani ya kufukuzwa nchini.

Chagua bonde moja

Colorado ina elki wengi kuliko jimbo lolote la Marekani, wanakadiriwa kuwa zaidi ya 250,000. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa karibu kutoweka kwa kuwindwa ovyo, ikabidi waletwe wengine kutoka Yellowstone. Leo wamejaa kwenye ardhi ya Forest Service na ya Bureau of Land Management, idara ya ardhi ya serikali kuu, ardhi ambayo wewe na mimi tunaingia bila kumuomba mtu. Kwa sisi tuliokulia mahali ambapo vitalu vya uwindaji ni vya makampuni na wageni wenye pesa, jambo hili bado linanigusa kila ninapoegesha gari.

Sisi huenda White River National Forest, upande wa Meeker, mwendo wa saa 4 hivi kutoka Denver. Huko juu kuna ziwa la Trappers, ambalo mwaka 1919 mtumishi wa Forest Service, Arthur Carhart, alitumwa kulipima kwa ajili ya nyumba za mapumziko, akarudi na ushauri kwamba lisijengwe chochote. Halijajengwa mpaka leo.

Weka kwenye simu programu ya ramani inayoonyesha mipaka ya ardhi, kama onX, na uipakue ramani kabla hujatoka nyumbani, kwa sababu mtandao utakata. Colorado mwenye shamba halazimiki kuweka kibao wala uzio. Jukumu la kujua mpaka ni lako.

Nenda kiangazi, mwezi wa saba au wa nane, na familia, kama matembezi ya kawaida. Tafuta vitu vitatu vilivyo karibu: uwanda wa majani, maji, na msitu mzito wa misonobari kwenye mteremko unaotazama kaskazini. Elki hula uwandani alfajiri na jioni, mchana hulala kwenye giza la msitu. Ukiona vigogo vya miti ya aspeni vilivyotafunwa magome vikabaki na makovu meusi, na matope yamevurugwa kama lambo la ng'ombe, bonde lako ni hilo. Mkiwa na siku 5 za kuwinda, zote zimalizeni humo humo. Kuhamahama kunachosha watoto na hakuongezi elki.

Mwili, macho na bunduki

Tangu mwezi wa tano, kila Jumamosi tembeeni kilomita 6 mnapanda, mgongoni mmebeba madumu ya maji. Maji ni mzigo mzuri, miguu ikikataa unayamwaga. Siku ya kufika, laleni usiku mmoja au miwili kwenye mwinuko wa kati kabla ya kupanda kambini. Waliowahi kupanda Kilimanjaro wanalijua hili la pole pole. Mtu akiumwa kichwa na kutapika, anashuka siku hiyo hiyo, wala hakuna kumwambia avumilie.

Bunduki iwe ya kawaida. Sheria kwa elki inataka kaliba, yaani upana wa risasi kwa inchi, isiyopungua .24 na risasi yenye uzito wa greni 85 (gramu 5.5 hivi) au zaidi. .308, .270 na .30-06 zote zimelisha familia nyingi. Mtoto mpe yenye teke dogo. Akiogopa teke atafumba macho, na akifumba macho atajeruhi mnyama. Fanyeni mazoezi mkiwa mmeketi na mmepiga goti, bunduki ikiegemea vijiti, maana mlimani hakuna meza. Umbali ambao risasi zako 5 zote zinaingia kwenye sahani ya chakula ndio umbali wako. Wangu ni mita 200. Wa mwanangu ulikuwa 120, na alikuwa anaujua kama anavyojua namba ya simu ya mama yake.

Kuhusu mavazi, acheni jinzi na fulana za pamba nyumbani. Pamba ikilowa haikauki, na mwezi wa kumi mvua ya saa nane mchana inaweza kuwa theluji saa kumi na moja. Sufu au poliesta ndani, sweta, koti la kuzuia upepo, soksi za sufu jozi tatu kila mtu. Juu ya yote, rangi ya machungwa ing'aayo au waridi ing'aayo, inchi za mraba zisizopungua 500 juu ya kiuno, na kofia ya rangi hiyo inayoonekana kutoka kila upande. Mvalishe hata asiyewinda.

Kambi

Kwenye mwinuko wa mita 3,000 maji huchemka kwenye kama nyuzi 90, kwa hiyo maharage mabichi yatakula gesi yako yote na bado yatagonga meno. Pika maharage na nyama ya kusaga nyumbani, gandisha kwenye mifuko, kambini unapasha tu. Ugali hauna shida. Chapati zinakaa siku nne. Chai ya tangawizi asubuhi ya baridi ile, wallahi, ni dawa.

Chujio la maji lala nalo ndani ya mfuko wa kulalia, likiganda linapasuka ndani bila wewe kuona. Chakula chote usiku kining'inizwe mtini au kikae kwenye gari lililofungwa, mbali na hema, kwa sababu ya dubu weusi. Beba kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, na umuachie mtu mjini karatasi yenye jina la njia, mahali pa gari na saa mnayotarajia kurudi.

Kuwinda kwenyewe

Toka kambini saa kumi na moja kasoro alfajiri, giza bado. Unaruhusiwa kupiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza mpaka nusu saa baada ya kuzama, na muda mwingi kati ya hapo ni wa kukaa na darubini, si wa kutembea. Kaeni ukingoni mwa miti, juu ya uwanda, mkiutazama kipande kwa kipande. Watoto wana macho. Mwanangu ndiye aliyeona sikio likipepea kwenye kichaka ambacho mimi nilishakipita mara mbili.

Upepo ndio kila kitu. Elki akikuona anaweza kusimama akutazame, akikusikia anaweza kudhani wewe ni mwenzake, lakini akinusa harufu yako amekwenda, na kundi zima nyuma yake. Tia unga wa ngano kidogo kwenye kichupa cha plastiki, minya, tazama unakoelea. Alfajiri hewa baridi hutiririka kuteremka bonde kama maji. Jua likishapasha mteremko, kwenye saa tatu au nne, inageuka na kupanda. Jioni inashuka tena. Kwa hiyo asubuhi na mapema uwe chini ya elki au pembeni yake, na hewa ikigeuka uwe umeshahama.

Kabla ya kidole kugusa kichocheo, hakikisha ni elki. Kuna mnyama mwingine wa jamii ya kulungu, mkubwa na mweusi, anayeitwa musi, aliyeletwa Colorado mwaka 1978, na kila mwaka wawindaji wanampiga kwa kudhani ni elki na kushtakiwa. Musi ni mweusi mwili mzima na pua yake ndefu imening'inia. Elki ana shingo ya kahawia iliyokoza na matako ya rangi ya krimu. Jina lake la Kishawnee, lugha ya wenyeji wa asili wa Marekani, wapiti, linasemwa kuwa na maana ya matako meupe. Kama leseni ni ya dume, katika maeneo mengi lazima awe na ncha 4 upande mmoja wa pembe, au ncha ya paji la uso yenye inchi 5. Usipoweza kuzihesabu, usipige.

Subiri asimame ubavu. Lenga nyuma kidogo ya mguu wa mbele, theluthi ya chini ya mwili, kwenye mapafu. Angalia nyuma yake kuna nini. Sisi Waislamu tunataja jina la Mwenyezi Mungu pale pale kabla ya kufyatua, na akikutwa bado ana uhai anachinjwa. Fundisha mtoto kusema Bismillahi kwa sauti ya chini katika kila risasi ya mazoezi, ili siku yenyewe isimtoke akilini kwa mapigo ya moyo.

Akikimbia, usimfuate. Mkumbuke alipoingia msituni, kaeni nusu saa kwa saa. Damu ya waridi yenye povu ni ya mapafu, mtamkuta karibu. Damu yenye uchafu wa kijani na harufu ya majani ni ya tumbo: ngojeni saa kadhaa, na hapo ndipo mtajua kwa nini nilisisitiza sahani ya chakula.

Kuchuna, na hapa usiharakishe wala usichelewe

Weka bunduki salama kwanza, toa risasi zote. Tia saini na tarehe kwenye kibandiko cha leseni, ukikate papo hapo. Kisha kazi ianze, kwa sababu ngozi ya elki ni blanketi nene na chini yake joto linaoza nyama kutoka ndani, mfupani.

Hakuna haja ya kutoa matumbo. Mlaze ubavu, mgongo upande wa juu wa mteremko, funga mguu mmoja kwenye mti kwa kamba. Pasua ngozi kwa kisu kuanzia kisogoni kufuata uti wa mgongo mpaka mkiani, ukikata kutoka ndani kwenda nje ili manyoya yasiingie kwenye nyama. Ivue kuelekea tumboni, itandike iwe mkeka wako. Mkono wa mbele hauna kiungo cha mfupa na mwili: mwanangu aliunyanyua nami nikapitisha kisu kwenye kwapa, ukatoka wote kama mlango ulioachia bawaba, mvuke ukapanda usoni mwetu. Paja linataka subira. Fuata mfupa wa nyonga kwa ncha ya kisu mpaka uufikie mpira wa kiungo, kata kano yake, lilegee. Acha alama ya jinsia imeshikamana na paja moja, ndivyo sheria inavyotaka. Toa sarara ndefu ya mgongoni, kutoka shingoni mpaka nyonga, kisha nyama ya shingo na ya mbavuni. Mgeuze, rudia. Mwisho kabisa, sukuma matumbo kwa mkono kupitia ubavuni, uchomoe sarara mbili za ndani. Sheria inataka mapaja, mikono na sarara zote zibebwe, lakini shingo ikiachwa porini mimi nasikitika, supu yake haina mfano.

Kila kipande kiingie kwenye mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa, kamwe si plastiki. Mapaja yatolewe mfupa hapo hapo, au yapasuliwe mpaka mfupani ili yapoe. Ning'inizeni yote kwenye kivuli, upande wa kaskazini, hewa ipite kila mahali, hatua mia moja au zaidi kutoka kwenye mabaki. Mlangoni mwa usiku wa baridi, nyama iliyoning'inizwa hivi itakuwa imeganda ganda la nje ifikapo asubuhi, nanyi mtalala bila wasiwasi.

Safari ya kwanza bebeni sarara na nyama iliyotolewa mfupa. Mzigo ukae juu ya begi, karibu na mgongo, mkanda wa kiunoni ukazwe. Rangi ya machungwa ifungwe juu ya mzigo pia, hasa mkibeba pembe. Mkirudi kwa safari ya pili, jongeeni mkiongea kwa sauti, mtazame kwa mbali kwanza. Dubu akiwa amefika, mwachieni.

Nyumbani

Peleka kichwa kwenye kituo cha kupima ugonjwa unaoharibu ubongo wa jamii ya kulungu, ambao upo Colorado. Haijawahi kuthibitishwa kumpata binadamu, ila ushauri wa afya ni kutokula mnyama aliyekutwa nao. Mpaka majibu yatoke, fungasha lakini usigawe. Nyama ya mawindo haiuzwi, hata kwa rafiki. Inagawiwa, na anayepokea apewe karatasi yenye jina lako, namba ya leseni na tarehe.

Elki hana mafuta. Sarara ikikaa motoni zaidi ya dakika chache inakuwa kama kandambili, kwa hiyo mishkaki ikate minene na uilowekee papai bichi nusu saa tu. Mkono wa mbele ndio wa pilau, uchemshe saa tatu. Andika kila mfuko sehemu na tarehe kwa kalamu isiyofutika, na uweke mbele kabisa ya friza mifuko ya wale mliowaahidi, kuanzia na jirani aliyewaazima begi.